Usiku wa Betri

Siku mbili kabla ya Idi nilipanda daladala Mbagala Rangi Tatu nikashukia Kariakoo, pochi nimeibana kwapani, ndani mna Sh 60,000. Baba watoto alikuwa safarini na lori, njia ya Tunduma, na aliniachia agizo moja: nguo za sikukuu wanazo, mwaka huu wanunulie vya kuchezea. Tuna watoto watatu. Kaka ana miaka 9. Wa kati ni binti, wakati ule anakaribia miaka 4. Amepewa jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo bibi humwita Somo na nyumba nzima tukafuata. Kitindamimba, tunayemwita Mdogo, alikuwa na miezi 10 na anatambaa. Ukimweka sebuleni ukageuka kuchukua kijiko, unamkuta jikoni kashika mguu wa meza.

Mtaa wa Kongo ukikaribia sikukuu, mtu hatembei kwa miguu yake, anabebwa na watu. Midoli imetandazwa chini kwenye maturubai, imening'inizwa kwenye miamvuli, na inaimba yote kwa pamoja. Nilichagua kama ninavyochagua vitambaa, kwa macho na kwa bei. Kaka nilimchukulia gari jekundu la rimoti, Sh 28,000. Mdogo nilimchukulia simu ya plastiki yenye taa na vitufe vinavyoimba, Sh 12,000. Somo nilimchukulia boksi la picha ya kuunganisha, vipande 100, twiga amesimama chini ya mbuyu, Sh 15,000. Muuzaji alikuwa mkweli, aliniambia, "Dada, hii wameandika miaka minane." Kisha akaongeza, "Ila wako si ana akili?" Nikamjibu ana akili sana, nikalipa.

Maneno hayo mawili, ya kwake na ya kwangu, nimeyarudia moyoni mara nyingi tangu siku ile. Nilikuwa nasoma namba ya umri kwenye boksi kama cheti. Mtoto akivuka namba, nilijiona nimemlea vizuri. Hata kwenye boksi la gari palikuwa na duara lenye uso wa mtoto, limeandikwa 0-3, limekatwa kwa mstari. Nikaona halinihusu, kwa sababu gari ni la Kaka na Kaka ana miaka 9. Sikujiuliza gari lenyewe litakaa kwenye nyumba gani na nani wengine wanaishi humo.

Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Pangani, na furushi lake la samaki wakavu na madafu. Asubuhi ya Idi, baada ya swala, aliwaita wajukuu mmoja mmoja, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake kwa meno, akawapa hela ya sikukuu. Somo alisimama karibu sana na pindo lile. Nakumbuka jinsi alivyokuwa anatazama meno ya bibi yake.

Kisha nikafungua maboksi yangu.

Mdogo alibonyeza kitufe, simu ikaimba. Akabonyeza tena, ikaimba. Mara ya tatu akaiweka chini akalishika boksi lililoibeba. Asubuhi nzima alikuwa na boksi: anaingiza mkono, anautoa, anaingiza kijiko, anakitoa, anatafuna kona, analigonga sakafuni na kusikiliza. Mimi nilimrudishia simu mara mbili kwa uchungu wa zile Sh 12,000. Mama mkwe akanizuia. "Mwache mwanangu, anajua anachokitafuta."

Somo alimwaga twiga wake mkekani. Alihangaika kupachika sikio la twiga kwenye kwato, likakataa. Akalisukuma kwa kiganja, akalia. Mtoto wa umri wake anafurahia picha yenye vipande vikubwa vichache, ambavyo akikosea anaweza kuliona kosa lake mwenyewe. Vipande 100 vinavyofanana rangi ni ukuta tu mbele yake, na nikiri kwamba nilimwona analia nikamwambia ajaribu tena, kama vile ni uvivu. Jioni nilikuta vile vipande vimepangwa safu kwenye sinia. Vilikuwa samaki wa kukaanga. Alikuwa anawauza kwa bibi yake, na bibi analipa kwa majani ya mwembe.

Kaka aliliendesha gari lake siku mbili uani, na siku ya tatu likagoma. Aliingia nalo ndani, akachukua bisibisi kwenye droo ya baba yake, akalifungua. Sikumgombeza na sijutii hilo. Mtoto wa miaka 9 anataka kujua gurudumu linazungushwa na nini, na saa ile aliyokaa amelala kifudifudi anafuatilia nyaya kutoka kwenye mota mpaka kwenye swichi ilikuwa saa bora kuliko zote alizokuwa nalo. Alipomaliza gari akaishika rimoti. Kifuniko cha betri hakikuwa na parafujo. Ukikisukuma kwa kidole gumba kinateleza na kutoka. Ndani mlikuwa na betri moja ya bapa, ile ambayo mafundi wetu huiita betri ya saa, inang'aa kama sarafu mpya. Akaitoa, akaiweka mkekani. Hapo nikamwita niko jikoni, nikamtuma sukari dukani.

Ilikuwa baada ya magharibi. Aliporudi, rimoti ipo, kifuniko kipo, betri haipo.

Tulianza kutafuta bila wasiwasi. Tukainua mkeka, tukakung'uta mito, tukasogeza kochi. Kisha nikamwangalia Mdogo. Alikuwa amekaa pale pale mkekani, udenda unamtiririka mpaka kifuani, na akakohoa mara mbili. Alikuwa anaota meno wiki ile, udenda ulikuwa wa kawaida, lakini moyo wa mama hauulizi hayo kwanza. Nikampa titi akaligeuzia uso. Nikahisi miguu inaniishia nguvu.

Mama mkwe alikuwa ameshakwenda jikoni. Akarudi na ndizi mbivu amekata kipande na chupa ya asali. Kwao Pangani, mwiba wa samaki ukimkaa mtu kooni husukumwa na tonge, na amewatoa watu wengi kwenye tabu kwa njia hiyo. Alikuwa ameshapiga goti mbele ya mtoto wakati Kaka, ambaye hakuna aliyemtuma, alipoingia ameshika mkono wa jirani yetu, nesi mstaafu.

Jirani hakusalimia. "Msimpe chochote. Msimtapishe. Asali iacheni, huyu hajatimiza mwaka." Baadaye, siku nyingine, alinieleza: mtoto aliyevuka mwaka mmoja akimeza betri ya namna ile, na kumeza bado anaweza, njiani kuelekea hospitali anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, isizidi mara sita, kwa sababu asali inaifunika betri na kupunguza makali yake, lakini haitibu, na safari haisimami kuisubiri. Mchanga wa chini ya mwaka hapewi asali kabisa, kwani inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo lake haliviwezi. Usiku ule alisema maneno machache tu. "Bajaji iko nje. Nenda sasa hivi. Usisubiri uone kama atatapika."

Mama mkwe alibaki na Somo, aliyekuwa ameshasinzia kochini, na Kaka. Mimi nikapanda na mwanangu kifuani. Dereva alipita njia za ndani kukwepa foleni, na kila tuta lilinipiga mbavuni. Mdogo alikuwa ananitazama, taa za barabarani zikimpita usoni. Hakuwa analia, na kutokulia kwake ndiko kulikonitisha zaidi.

Hospitalini waliposikia neno betri hawakuniambia nikae kwenye benchi. Daktari wa zamu alikuwa kijana, sauti yake ya chini. Aliniuliza saa ngapi, aliuliza anapumuaje, kisha akauliza betri yenyewe ilikuwa namba ngapi. Sikujua kwamba zina namba. Nikampigia Kaka. Hakwenda hata kuangalia, alijibu papo hapo, "Mbili sifuri tatu mbili, Mama. Imeandikwa kwenye kifuniko." Daktari akanifafanulia huku anaandika. 20 ni upana, milimita 20. 32 ni unene, milimita 3.2. Nguvu yake volti 3. Ndogo zaidi ya hapo mara nyingi huteremka tumboni na kutoka zenyewe. Hii, kwa mtoto mdogo, ina upana unaotosha kabisa kukwama kwenye umio.

Nikamwambia betri imeshakwisha, gari lilikuwa limegoma. Akatikisa kichwa. Betri iliyoshindwa kuendesha mdoli bado ina umeme wa kuumiza. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Ikikwama, unyevu wa mwili unaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na kwenye upande hasi panajitengeneza alkali kali inayochoma nyama kama magadi makali yanavyochubua mkono, ila hapa ni ndani ya koo na hakuna wa kusuuza. Ndani ya muda wa saa mbili tu jeraha linaweza kuwa baya. Nilitazama saa ya ukutani. Tangu Kaka aende dukani ilikuwa imepita saa moja na dakika kumi.

Kumlaza mtoto wa miezi 10 kwenye meza ya eksirei, ukamshika mikono yote miwili juu ya kichwa na yeye anakutazama akidhani umemgeuka, ni jambo ambalo sitaki kulieleza kwa kirefu. Picha ilipotokea kwenye kompyuta, daktari aliniita nione. Sarafu, alisema, hutokea kama duara moja lililojaa. Betri hutokea na maduara mawili, moja ndani ya jingine. Alipitisha kidole kwenye koo, kifua, tumbo. Mbavu za mwanangu zilikuwa nyembamba kama njiti za ufagio. Duara hakuna. Si moja, si mawili.

Nililia hapo hapo. Daktari akanisubiri nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Nyumbani kuna mtoto mwingine mdogo?"

Somo, aliyesinzia kochini kabla ya chakula.

Nilipiga simu mikono ikitetemeka, nikamwambia mama mkwe amwamshe na amuulize kama amemeza betri. Mama mkwe alinyamaza kidogo. "Nikimuuliza hivyo atasema hapana," akasema. "Akiogopa atasema hapana, hata kama ndiyo. Subiri." Akaiacha simu wazi. Nikamsikia anamwamsha, anampa maji ya kunawa uso, na mimi hospitalini nataka kupiga kelele. Kisha nikasikia:

"Somo, leo dukani biashara ilikwendaje?"

Sauti ya usingizi. "Nimeuza samaki."

"Wangapi?"

"Wote."

"Alhamdulillahi. Na wateja wamelipa?"

"Kaka kalipa."

"Hela umeiweka wapi, Somo yangu, isije ikapotea?"

Kimya. Kisha nikasikia mama mkwe anavuta pumzi, akasema kwenye simu, "Iko hapa." Mtoto alikuwa na kipande cha kanga alichojifunga kiunoni tangu mchana, masalio ya kanga ya bibi yake. Kwenye pindo palikuwa na fundo, limekazwa kwa meno. Ndani ya fundo, betri.

Nimesomea ualimu. Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa 1896, nilimsoma chuoni, swali lake likaja kwenye mtihani na nikalijibu vizuri. Niliandika kwamba tangu kuzaliwa hadi kama miaka 2 mtoto anaijua dunia kwa mikono, macho na mdomo. Niliandika kwamba kuanzia hapo hadi kama miaka 7 anaanza kukifanya kitu kisimame badala ya kitu kingine, na kwamba kufikiri kwa namna ya fundi, kwa kupima na kujaribu vitu vilivyo mbele yake, kunakomaa baada ya hapo. Nilijua hata kwamba mengi aliyaona kwa kuwatazama watoto wake mwenyewe nyumbani, nao walikuwa watatu. Watatu kama wangu. Yote yalibaki kwenye daftari. Nilikuwa na mtoto wa mdomo, mtoto wa samaki wa twiga, na mtoto wa bisibisi kwenye mkeka mmoja, na nilikwenda Kariakoo nikanunua kwa rangi.

Betri moja, mkeka mmoja, watoto watatu. Kwa Kaka ilikuwa kiini cha mashine. Kwa Somo ilikuwa hela. Kwa Mdogo, angeiona wa kwanza, ingekuwa kitu cha kutia mdomoni, kama kila kitu. Hakuna kati yao aliyekosea. Kila mmoja alifanya kazi ya umri wake, na aliyepaswa kuujua umri wa kila mmoja kabla ya kuweka kitu kati yao ni mimi.

Jirani yetu alikuja kesho yake na kikaratasi cha duara cha katikati ya tishu za chooni. Akakisimamisha mezani. Wanaopima midoli viwandani, alinieleza, wana kibomba chenye kipenyo cha milimita 31.7, kimekadiriwa kwa koo la mtoto wa chini ya miaka 3. Kinachoingia chote humo hakistahili kuwa mikononi mwake. Cha tishu ni kipana kidogo kuliko hicho, kwa hiyo kinanasa vitu vingi zaidi, na kila nyumba inakipata bure. Duara lenye uso uliokatwa linasema jambo hilo hilo. Linazungumzia koo, pumzi na tabia ya kutia vitu mdomoni. Mtoto anaweza kuwa anahesabu hadi 20 na koo lake likabaki vile vile.

Tukapita nyumba nzima na kile kikaratasi. Gololi za Kaka zikapita. Vizibo vya soda vikapita. Gurudumu la gari jekundu, lililokwisha chomoka, likapita. Vipande vya twiga vingine vikapita. Kisha mama mkwe akaleta mwenyewe kifuko cha komwe, kete za bao la marehemu baba mkwe alilombebea Kaka kutoka Pangani, akadondosha moja. Ikapita bila kugusa pembeni. Alikaa akiiangalia. "Na sisi tulikulia katikati ya hizi," akasema.

Nalisema hili kwa sababu baada ya usiku ule ndugu wengi walinipa pole kwa maneno kwamba midoli ya dukani ndiyo mibaya na ya zamani ilikuwa salama. Sikubaliani nao. Komwe haina betri, lakini koo la mtoto halijui imetoka Pangani au ng'ambo. Waya wa gari la kopo una ncha. Shanga ikikatika uzi inatawanyika punje punje. Ya nyumbani nayo inapitishwa kwenye bomba kama ya dukani, inavutwa, inaangaliwa mshono.

Hata hivyo, wiki iliyofuata mama mkwe ndiye aliyeijaza nyumba. Hakuwa na haraka ya kuondoka tena. Kwa Mdogo alichukua chupa ya plastiki ya maji, akatia kiganja cha choroko, nasi tukafunga kifuniko kwa gundi na kukizungushia utepe mara tatu, na kila siku naukagua. Ikawa kayamba. Anaitikisa, inalia, anaiacha, inanyamaza, sasa anajua kwamba sauti inatoka kwake. Alimpa vikombe vitatu vya plastiki vinavyoingiana na sufuria ndogo yenye mfuniko. Alifunika kijiko kwa leso mbele ya macho yake, na Mdogo, ambaye miezi michache nyuma angedhani kijiko kimekwisha, akaivuta leso na kucheka. Piaget aliuandikia kurasa nyingi utambuzi huo, kwamba kisichoonekana bado kipo. Mama mkwe hakuwahi kumsikia. Amelea tisa.

Alisokota pia mpira wa matambara, mkubwa kuliko ngumi yangu, ukashonwa kote. Nilipouona nilimkumbuka Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya wadogo pale Blankenburg mwaka 1837, kwa sababu zawadi yake ya kwanza kwa watoto ilikuwa mipira laini ya nyuzi za sufu. Kitu chepesi kinachobingirika, kinachoshikika, kisichoumiza kikirushwa. Mpira ule ndio pekee unaochezwa na wote watatu kwa wakati mmoja.

Kwa Somo hatukununua kitu. Tulimwongezea duka. Vifuu vya nazi vilivyosuguliwa kwa jivu vikawa vibaba, boksi la simu ya Mdogo likawa kaunta, na nilimkatia noti za karatasi kubwa kuliko kiganja chake. Bibi yake alimshonea mwanasesere wa kanga, macho na mdomo vimetariziwa kwa uzi, hakuna kifungo cha kung'olewa. Nilikaa kumsikiliza siku moja akimkopesha mwanasesere na kumkumbusha deni. Alikuwa anahesabu, anabishana, anakadiria imani ya mteja, anakumbuka ahadi ya jana. Hakuna boksi la Sh 15,000 lililokuwa na hayo. Twiga wa vipande 100 nimemweka juu ya kabati. Kaka na mimi tulimuunganisha usiku mbili, na siku Somo atakapomhitaji atamkuta.

Jambo ninalolipenda kuliko yote lilitoka kwa fundi seremala wa mtaani kwetu. Nilimwomba masalio ya mbao, akaniuzia mfuko mzima kwa Sh 4,000. Tulivichagua vipande visivyo na rangi wala dawa, tukavikata vyote viwe vikubwa kuliko kikaratasi cha tishu, Kaka akavipiga msasa siku tatu mpaka vikawa havichomi. Mdogo anachukua viwili na kuvigonganisha. Somo anajenga kuta za duka, vipande vinane, tisa kwenda juu kabla havijaanguka. Kaka amejenga daraja kutoka kochi mpaka stuli na anatafuta namna ya kulifanya libebe sufuria. Ni mbao zile zile. Mtoto akikua, zinakua naye.

Jirani yangu ananiambia siku hizi kliniki wanawafundisha wazazi mambo haya haya, na kwamba ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, imeyataja kwa pamoja ujifunzaji wa awali na ulinzi na usalama wa mtoto, sambamba na afya, lishe na malezi yenye mwitikio. Nimefurahi kuyasikia yakitajwa kwa pumzi moja. Nyumbani kwetu yalitengana kwa jioni moja tu.

Baba watoto aliporudi kutoka Tunduma alisimama mlangoni akitazama mbao na vifuu. Nilimsimulia yote usiku ule, naye alitoka nje akakaa barazani kimya muda mrefu. Asubuhi akafunga rafu ukutani, juu ya mkono wa Somo: ya Kaka. Bisibisi, gololi na bao vinakaa huko, na vinateremshwa Mdogo akiwa amelala au amebebwa. Betri zote, hata za saa na za mashine ya kupimia joto, tumezifunga kwenye mkebe na mkebe uko juu ya kabati la chumbani. Gari jekundu halikurudishiwa rimoti yake. Kaka ameitoa mota anataka kuifungia feni.

Bao nalo limepata utaratibu. Mama mkwe aliujua mchezo kwa kumtazama mumewe barazani miaka na miaka, na sasa anamfundisha Kaka kila baada ya isha, akianzia bao la kujifunza. Mashimo ni 32 na kete ni 64, na sharti la rafu ni kwamba hazirudi kifukoni mpaka zihesabiwe. Kaka anahesabu kwa sauti, anadondosha mbilimbili.

Juzi alifika mwisho akasema, "Sitini na tatu."

Akahesabu tena. Sitini na tatu. Mdogo alikuwa mgongoni kwangu, amelala tangu magharibi, pumzi yake iko shingoni kwangu. Hata hivyo nilishaanza kuinua mkeka. Mama mkwe hakuinuka. Alimgeukia mjukuu aliyekaa pembeni yake, kipande cha kanga kiunoni.

"Somo, kesho tunakwenda sokoni. Nauli unayo?"

Somo akalishika pindo, akalifungua kwa meno, akamwekea Kaka kete yake kiganjani na kubaki amenyoosha mkono, anasubiri chenji.